Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Umoja wa Wazazi, Tandahimba

Ndugu wanachama, salaam.

Shughuli za mwaka mnazijua, sitazirefusha. Madawati yamekarabatiwa, vyoo vya wasichana vimepakwa chokaa, mahafali ya darasa la saba tulihudhuria na zawadi tukatoa. Stakabadhi zote anazo mweka hazina.

Sasa suala la geti. Limesemwa sana, vijiweni na kwenye kundi letu la WhatsApp, ambako wasiolipa ada ya umoja ndio wenye sauti kubwa. Ni kweli mkutano mkuu uliopita ulipitisha shilingi milioni mbili na ushee zijenge geti la shule. Ni kweli pia kwamba kamati, chini ya uongozi wangu, ilizielekeza kwenye posho ya walimu wawili wa kujitolea na vitabu vya hadithi vya madarasa ya chini. Katiba yetu inairuhusu kamati kubadili matumizi panapotokea dharura, na dharura ilikuwepo.

Mwezi Machi niliingia darasa la tatu kwa ruhusa ya mwalimu mkuu. Mtoto mmoja akasoma sentensi ubaoni bila kukwama, wenzake wakampigia makofi. Nikachukua fimbo, nikamwonyesha neno la tatu peke yake. Akaanza upya toka mwanzo wa sentensi. Kumbe kaikariri! Wa pili vivyo hivyo. Darasa hilo lina watoto zaidi ya 90 na mwalimu mmoja, wakati kiwango kinachotakiwa ni watoto 45. Anayelilia geti aniambie lingemfaa nini mtoto yule.

Wapo wanaosema elimu ni bure tangu 2016, tuiachie serikali. Haya, tupige hesabu. Ruzuku ya shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Zinazofika shuleni ni 6,000, nyingine ni za vitabu. Kwa mwezi ni mia tano. Humo mna chaki, karatasi za mitihani na ukarabati. Posho ya mwalimu wa kujitolea utaichomeka wapi? Tena hakuna mzazi aliyetozwa hata senti mlangoni, fedha ni za umoja.

Walimu hao huwachukua mchana wale wasiojua kusoma, kuandika na kuhesabu, kwa makundi madogo, na mwalimu wa darasa mwenyewe anakiri mabadiliko yapo. Wazo lilikuwa langu. Naomba liingie hivyo kwenye muhtasari.

Kuhusu mahudhurio, sijui niseme nini. Korosho zikianza kuanguka, darasa linabaki nusu, na ndipo upimaji wa darasa la nne unapokaribia. Mtoto anatolewa shule akaokote korosho, mnada unapita, pesa inaingia, ada ya 12,000 haionekani! Kwenye daftari tuko wanachama 140, waliolipa hawafiki 50. Mkutano wa Agosti ulikosa akidi; waliofika walikunywa chai niliyoinunua kwa pesa yangu, wakaondoka.

Mwakani tunatarajia, Mungu akipenda, kumpata mwalimu wa tatu na kulizungumza suala la uji wa wanafunzi. Geti nalo litaangaliwa hali ikiruhusu.

Majina ya wanaodaiwa yatabandikwa kwenye ghala la chama cha msingi cha ushirika siku ya malipo ya kwanza ya korosho. Mweka hazina atakuwepo na kitabu cha stakabadhi toka asubuhi.

Mwenyekiti