Ahsante, kaka wa madumu ya maji

Kaka mwenye baiskeli na madumu ya maji, tuliyekutana asubuhi kule Hombolo: sikukuuliza jina, nawe hukuniuliza malipo. Nilikuomba ujifiche dakika kumi ili mbwa wangu, ninayemfundisha kutafuta watu waliopotea, akutafute. Ukalala kwenye korongo kavu karibu saa nzima, jua la Dodoma likikuchoma.

Alishazoea kunitafuta mimi na wanangu. Huo ni mchezo wa nyumbani. Anayepotea porini ni mtu asiyemjua, ndiyo maana nilihitaji harufu ngeni. Kwanza nilimwachia upepo ukitokea mgongoni (kosa langu hilo), akahangaika kama kuku anayetaka kutaga. Nikamzungusha, upepo ukampiga usoni ukimletea harufu yako. Pua juu, akasimama ghafla, kisha mbio! Nikasikia kubweka, halafu kicheko chako.

Nyama ukampa wewe mwenyewe, maana zawadi hutoka kwa aliyepatikana. Mkono ulikuwa unatetemeka. Ndipo ukaniambia unaogopa mbwa tangu utotoni! Laiti ningejua.

Miiba ya mgunga ilikuchania shati begani. Ukisoma hapa nitafute, kaka. Nina deni la shati.