Hiyo "mapema" ni lini, Ndugu Mhariri?

Ndugu Mhariri,

Gazeti lako nalisoma tangu nikiwa chuo cha ualimu. Mara ya mwisho kukuandikia ilikuwa kuhusu dampo lililokuwa nyuma ya shule yetu, na barua ile hamkuichapa. Sikununa. Lakini ile habari yenu ya Oktoba, wiki ya Siku ya Ukomo wa Hedhi Duniani, yenye picha ya mama anajipepea kwa khanga, imenikaa kooni. Mliandika kwamba wanawake wanahimizwa "kumwona daktari mapema". Basi mimi nilikwenda mapema, nikaambiwa nimewahi mno.

Nina miaka 47, nafundisha baiolojia sekondari hapa Arusha, mwaka wa 22 sasa. Ule mchoro wa homoni za mwanamke, estrojeni inapanda na kushuka, projesteroni inafuata nyuma, nauchora ubaoni hata nikiwa nimefumba macho. Kwa hiyo hedhi yangu ilipoanza kuyumba, mwezi huu siku 21, unaofuata siku 50, kisha mafuriko, sikuhitaji mtu wa kunifumbulia fumbo. Nilihitaji usingizi. Saa nane za usiku naamka shuka limelowa, moyo unadunda kama nimekimbizwa hadi nusu ya Mlima Meru, na asubuhi naingia darasani nimesahau jina la kitu ninachokwenda kufundisha.

Kilichonipeleka hospitali ni Julai. Mnaijua Julai ya Arusha: wanafunzi wamevaa sweta juu ya sweta, mikono wameificha kwapani. Nilikuwa Kidato cha Tatu B, na somo lenyewe, Mungu naye ana utani wake, lilikuwa jinsi mwili unavyodhibiti joto lake. Nikiwa katikati ya sentensi joto likanipanda kutoka kifuani hadi masikioni, kama mtu kanifunulia sufuria usoni. Nikamwambia wa dirishani afungue, wenzake wakaguna. Jasho likaingia machoni. Nikapapasa mezani kutafuta leso, nikajifuta paji, mashavu, shingo, vizuri kabisa. Darasa likanyamaza, kisha mmoja wa nyuma akapasuka kicheko. Nilikuwa nimejifuta kwa dasta. Mwalimu mzima, mweupe pepepe kama mtu aliyetoka mashine ya kusaga, na vijiwe vya chaki kwenye nyusi.

Wiki hiyohiyo nikaenda hospitali, moja ya zile ambazo ukishalipia kumwona daktari unajisikia umeshapona nusu. Kijana mpole, rika la mwanangu wa kwanza, shikamoo yake imenyooka. Nikaeleza. Akaandika malaria, taifodi na mkojo. Mkojo ukatoka na UTI, kama inavyotoka mikojo yote ya nchi hii, nikapewa antibiotiki za siku 7. Baada ya wiki 3 nikarudi, nikamkuta mwingine, akasema ni msongo wa mawazo, nipunguze kusahihisha madaftari usiku, akaniandikia amitriptilini, dawa ya sonona inayoleta usingizi. Nililala kweli, tena katikati ya kikao cha walimu, mkuu wa shule anaongea. Mara ya tatu nikadai bingwa wa magonjwa ya wanawake. Huyo akaniuliza swali moja: hedhi bado unaiona? Naiona, ila... Basi bado, mama, rudi ikikatika miezi 12 mfululizo. Nikamwambia, daktari, hiyo miezi 12 ni ya kujua kwamba hedhi imekoma, ila mwili hausubiri cheti ndipo uanze kutoka jasho. Ni huku kwenye kuyumba ndiko watu wanakoumia. Akataka kunipima kiwango cha homoni. Nikamwambia kwa mwanamke aliyevuka 45 kipimo hicho hakisaidii sana, leo kitasoma hivi, wiki ijayo vile. Nikamtajia tiba ya homoni, yaani kurudishiwa zile zinazopungua mwilini. Akavua miwani. "Mama, unataka kansa ya matiti?" Nilikuwa na majibu ya ultrasaundi mkononi, kizazi kisafi, presha 118 kwa 76, sijawahi kuganda damu, nyumbani kwetu hakuna aliyeugua kansa hiyo. Hakuyafungua. Akaniambia nimshukuru Mungu, mama zetu walipita hukohuko bila dawa. Mama yangu alipita, ndiyo, na mwaka mzima tulidhani amerogwa.

Utafiti uliozaa hofu hiyo ya homoni na kansa, ambao yeye anautumia kutisha watu, naujua. Ni wa Marekani, sehemu yake ya homoni mbili, estrojeni na ya jamii ya projesteroni, ilisimamishwa Julai 2002. Wanawake wale walikuwa na wastani wa miaka 63, wengi walishaagana na hedhi zamani, na estrojeni waliyomeza ilitokana na mkojo wa farasi wenye mimba. Ongezeko la kansa ya matiti lilikuwa kama wagonjwa 8 zaidi kwa kila wanawake 10,000 kwa mwaka. Nane si sifuri, na aliyewahi kuugua kansa hiyo, au kuganda damu, au anayetokwa damu isiyojulikana chanzo, anatakiwa aambiwe tahadhari bila kuzungushwa. Lakini kwa asiye na hayo, aliye chini ya miaka 60, mwenye dalili kama zangu, faida kwa kawaida huzidi hatari, na ndivyo miongozo ya leo inavyosema. Hayo nikamweleza bingwa, nikaongeza kwamba kwa kuwa kizazi ninacho, nitahitaji na projesteroni ya kulinda ukuta wake. Nadhani hapo ndipo nilipojiponza. Mgonjwa akijua sana anakuwa jeuri.

Na mlango wa pili kutoka kwake ni uzazi wa mpango! Mabinti wanatoka na vidonge vya majira, sindano za miezi mitatu, vijiti mkononi. Homoni za ukoo huohuo, na estrojeni ya vidonge vingi vya majira ina nguvu kuliko hii ninayoiomba. Sisemi wanyimwe, hasha. Nauliza tu ile kansa ya chumba cha kwanza inaishia kwenye mlango gani.

Mwishowe nilipanda Costa hadi Moshi, kilomita kama 80, daktari mmoja mama akanisikiliza hadi nikamaliza, akaandika jeli ya kupaka mkononi na kidonge cha kumeza usiku. Nikarudi Arusha na cheti changu, duka la dawa la kwanza hakuna, la pili hakuna, la tatu hakuna. La nne dada akakisoma kwa sauti ya mnadani: "Mama, hizi si za uzazi wa mpango? Kwa umri huu?" Foleni nzima ikageuka.

Na hapa niseme jingine, ingawa habari yenu haikuligusa. Nje ya duka hilo kuna kijana na spika yake, inajirudia tangu asubuhi: dawa ya mende, dawa ya kunguni, dawa ya nguvu za kiume. Chupa ileile naona. Hakuna cheti, hakuna utafiti wa 2002, hakuna wa kumvulia miwani. Nguzo za umeme hapa mjini kutoka Sakina hadi Kilombero zimebandikwa namba za simu za watu wa kurefusha, kunenepesha na kurudisha. Hao nao mwandike siku moja.

Pendekezo ninalo. Kila daktari anayesema "rudi ikikatika" aje shuleni kwetu Julai. Tutamvisha sweta mbili za sare, saizi ya Kidato cha Kwanza, tumfunge kifuani kwa khanga chupa ya soda iliyojaa maji ya moto, na usiku wake tuhakikishe amelala kwa muda wa saa tatu tu. Kisha apewe Kidato cha Tatu B, vipindi viwili mfululizo, dakika 80, afundishe udhibiti wa joto la mwili. Dasta nitaiweka mwenyewe palipo na leso.

Nanyi, mkiirudia habari ile Oktoba ijayo, msiandike "mapema". Andikeni tarehe.

Ni mimi,
Mwalimu wa Baiolojia,
Arusha