Karatasi tatu kwenye kaunta yangu

Ndugu Mhariri,

Kila nikisoma habari za malipo kwa simu, nakuta sisi wauza duka tumeandikwa kama watu wa kubembelezwa, tunaoogopa teknolojia. Nimesimama nyuma ya kaunta miaka kumi na tisa, naomba na mimi niseme.

Sikushawishiwa na semina. Mteja aliweka mzigo juu ya kaunta, akauliza kama napokea kwa simu, nikasema hapana, akauacha pale pale akaenda zake. Alipotokea wa tatu wiki hiyo hiyo, nikaenda kusajili namba ya malipo.

Mteja naye hataki foleni ya kutoa fedha wala kusubirishwa chenji. Kubwa zaidi, fedha yake tayari imo kwenye simu, na hili husahaulika. M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 ilikuwa ya kutumiana fedha. Lipa Na M-Pesa, ya kulipia dukani, ilikuja 2013, watu wakiwa wameshazoea kutembea na salio.

Faida nimeiona. Noti bandia sizikuti kama zamani, na jioni hesabu haigombani na droo. (Upungufu wa droo nimewahi kuufidia mfukoni mwangu mara nyingi kuliko mke wangu anavyojua.)

Lakini makato nakatwa mimi. Ujumbe wa uongo wa "malipo yamepokelewa" naonyeshwa mimi, ndiyo maana siku hizi siangalii simu ya mteja, naangalia yangu. Muamala ukirudishwa mtu akiwa ameshaondoka na mali, hasara yangu. Wapo wenzangu wanaoweka namba chini ya kaunta na kuitoa pale tu mteja anapogeuka kuondoka. Wanaitwa washamba, kumbe wamepiga hesabu.

Wanaotuhimiza watazame India. Katika mfumo wao wa malipo kwa simu uitwao UPI, ulioanza 2016, msimbo mmoja wa QR uliochapwa kwenye karatasi unasomwa na programu ya benki yoyote iliyomo, na tangu Januari 2020 malipo ya kawaida kutoka akaunti ya benki hayamkati mwenye duka. Mimi nina karatasi tatu zimebandikwa kwenye kaunta, kila moja na mtandao wake. Mteja wa jana alikuwa na wa nne.

Muuza duka,
msomaji wenu wa siku nyingi