Risala ya Akina Mama wa Watoto Wenye Mgongo Wazi na Kichwa Kikubwa kwa Mgeni Rasmi, Moshi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwalimu Mkuu na kamati ya shule iliyotupokea, viongozi wetu wa dini, madaktari na wauguzi, wazazi wenzetu, na ninyi wanetu mliokaa hapa mbele: Bwana Yesu asifiwe, Tumsifu Yesu Kristo, Assalaam aleykum.

Mheshimiwa, karibu sana. Umekubali kuwa nasi leo 25 Oktoba, siku ambayo duniani kote wanakumbukwa watoto waliozaliwa na mgongo wazi na kichwa kikubwa, na jambo hilo limetupa moyo. Sisi ni akina mama wa Pasua, Majengo, Kiboriloni, Hai na Rombo, na wenzetu wengine wamepanda basi alfajiri kutoka Same. Tulijuana kwenye mabenchi ya kliniki pale hospitali ya KCMC, kila mmoja kamfunika mwanawe kichwa kwa khanga ili watu wasimkodolee macho. Tukaanza kuulizana hali, tukakopeshana nauli, na mwishowe tukawa kikundi.

Mtoto wa mgongo wazi ni mtoto ambaye uti wake wa mgongo haukufunga vizuri akiwa tumboni. Kufunga huko hukamilika ndani ya siku 28 hivi tangu mimba itungwe, wakati wengi wetu hatujui hata kama tuna ujauzito. Neva kuanzia penye kidonda hicho cha mgongoni kushuka chini hazifanyi kazi sawasawa, kwa hiyo miguu inakosa nguvu na mtoto hawezi kuzuia mkojo wala choo. Kwa wengi wao maji ya kwenye ubongo nayo yanakosa njia, kichwa kinakua, na daktari analazimika kuweka mpira mwembamba chini ya ngozi ili uyatoe kichwani na kuyashusha tumboni.

Tunaomba uwaone mama hawa siku zao za mwanzo. Mtoto habebeki mgongoni kama wengine, maana khanga inabana pale penye kidonda. Wageni waliokuja kumwona mzazi walimkuta mtoto kalazwa kifudifudi, wakaacha mkungu wa ndizi mlangoni, wakaaga mapema. Maneno ya laana na ya kuvunja mwiko tuliyasikia, mengine kwa mawifi, mengine kwa watu wa damu yetu. Wapo baba walioondoka. Wapo pia baba waliobaki, na leo wamekaa nyuma pale. Tunaomba wapigiwe makofi, kwa sababu hatuwataji vya kutosha.

Mama hawa walijifunza. Walinunua tepu ya fundi cherehani, wakawa wanapima mzunguko wa kichwa kila wiki na kuandika kwenye daftari. Wanajua kwamba mtoto akitapika, akasinzia ovyo, utosi ukatuna na macho yakaelekea chini, huenda mpira umeziba, na hakuna kusubiri kukuche. Mwenzetu mmoja alifika getini hospitali saa nane usiku, mtoto kamkumbatia kifuani, na kijana wa bodaboda akakataa kupokea nauli. Popote alipo kijana huyo, Mungu ambariki.

Mheshimiwa, watu hutuambia kwamba tuna moyo, na kwamba Mungu humpa mzigo yule anayeuweza. Tunajua wanasema kwa nia njema. Lakini sisi tunauona upendo wa mama huyu zaidi kwenye kazi ya mikono yake, na kazi hiyo ina saa zake. Kibofu cha mtoto hakitoi mkojo wote chenyewe. Mkojo ukibaki ndani unaleta maambukizi na unaweza kuharibu figo. Kwa hiyo kila baada ya saa tatu au nne mama ananawa kwa sabuni, anamlaza mtoto, anapitisha katheta, yaani mrija mwembamba wa kutolea mkojo, taratibu, anasubiri mkojo uishe, anamfuta na kumvalisha. Anafanya hivyo alfajiri, mchana, jioni na kabla ya kulala, sikukuu na siku ya msiba.

Kisha mtoto anafikisha umri wa kwenda shule, na hapo ndipo tunapokwama.

Yupo mama kati yetu ambaye tangu Januari anashinda chini ya mti nje ya darasa la mwanawe. Ana kikapu chenye sabuni, chupa ya maji, katheta na nguo ya kubadilisha. Saa nne mapumziko yakianza anamchukua mtoto hadi nyuma ya stoo, anamsimamisha mwanafunzi mwenzake na mtoto huyo ashike khanga iwe pazia, kwa sababu choo hakina mlango unaofungika wala nafasi ya kiti cha magurudumu kugeuka. Saa saba anarudia. Genge lake la mboga pale sokoni limekufa. Mtoto wake anasoma vizuri, tena hesabu anaongoza, na mama hataki aache. Wengine tulirudishwa nyumbani pamoja na watoto wetu kwa kuambiwa kwamba shule haina mtu wa kuwahudumia.

Ombi letu kubwa leo ni hilo. Tunaomba shule za manispaa yetu ziwe na chumba kimoja kidogo chenye mlango, maji na mahali pa kumlaza mtoto, pamoja na mwalimu au matroni mmoja aliyefundishwa na wauguzi. Ni mafunzo yasiyo marefu, na wauguzi tuliozungumza nao wako tayari kuyatoa. Watoto wengi wakipata mwongozo wanaweza kujihudumia wenyewe hata kabla ya kumaliza shule ya msingi. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 imeshawapa haki ya kusoma. Upendo tunao, tunachokosa ni mtu wa kutupokea kati ya saa mbili asubuhi na saa nane mchana.

Tuna jingine, kwa ajili ya watoto ambao bado hawajazaliwa. Mikrogramu 400 za asidi ya foliki, ambayo ni aina ya vitamini, kila siku, zikianza kabla ya mimba, hupunguza sana tatizo hili. Kusubiri kliniki ya wajawazito ni kuchelewa. Tangu mwaka 2011 kanuni za nchi yetu zinataka virutubisho, foliki ikiwemo, viongezwe kwenye unga wa viwandani, lakini sehemu kubwa ya unga tunaoula unatoka mashine za mtaani. Tunaomba wenye mashine wasaidiwe vifaa na virutubisho, na wasichana wetu waambiwe habari hii wakiwa bado shuleni. Sisi hatukuambiwa.

Vilevile, kwa kuwa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa 2023, tunaomba utusemee ili katheta na mipira ya kichwani visisahaulike kwenye huduma zake.

Mheshimiwa, baada ya risala hii watoto watakuimbia wimbo, kisha tunaomba utembee nasi hadi kwenye choo cha shule hii ukione mwenyewe. Mwalimu Mkuu ameridhia.

Tunaomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya akina mama wa kikundi,
Moshi