Tiketi isikatwe kabla ya kuuliza kliniki

Mhariri,

Mwaka unapokaribia kuisha, wastaafu wengi huwaandikia jamaa zao habari za mwaka mzima: mjukuu amezaliwa, kijana ameoa, tumekwenda kumtembelea binti ng'ambo, baba ametolewa mtoto wa jicho, mama amewekewa goti bandia. Ni barua tamu kusoma. Ila mtu aliyezoea wodi huanza na tarehe, na hapo ndipo anapokunja uso: goti mwezi wa tatu, safari ya ndege ya muda wa saa 9 mwezi wa nne. Tiketi ilikatwa kwanza, hospitali ikaja kuambiwa baadaye. Tunaomba nafasi kidogo kueleza kwa nini mpangilio huo ugeuzwe.

Tuanze na goti na nyonga, maana ndipo penye makosa mengi. Baada ya kuwekewa kiungo bandia, damu huwa rahisi kuganda kwenye mishipa ya ndani ya mguu kwa wiki kadhaa, hata kama mgonjwa ameshaanza kutembea bila fimbo. Kukaa kitini kwa muda mrefu huongeza hatari hiyo. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba safari ya saa 4 au zaidi huongeza hatari ya damu kuganda takriban mara mbili, iwe kwa ndege, basi, treni au gari dogo. Kwa mtu mzima wa afya, mara mbili ya kitu kidogo bado ni kidogo. Kwa aliyetoka kupasuliwa hesabu si hiyo tena, na ndiyo sababu madaktari wengi hushauri safari ndefu isubiri wiki 6 hadi miezi 3. Jibu la mwisho ni la daktari aliyepasua, kwa kuwa yeye ndiye anayejua kama mgonjwa bado anatumia dawa ya kuzuia damu kuganda na itaisha lini.

Siku ya safari ikifika, chagua kiti cha upande wa njia, si cha dirishani. Wa dirishani huona haya kuwaamsha wenzake na huishia kukaa tuli safari nzima. Usiweke begi miguuni, maana hapo ndipo miguu inapotakiwa kunyooka. Misuli ya vigimbi ndiyo pampu inayorudisha damu juu: inua visigino na kuvishusha, kisha vidole, mara 20 hivi kila nusu saa, na usimame utembee kila baada ya saa moja au mbili. Dawa ya usingizi iache. Aliyelala fofofo kwa dawa hageuki wala hanyooshi mguu.

Soksi za kubana husaidia kama zimepimwa. Zinazotumika safarini huishia chini ya goti na hubana zaidi kifundoni, kwa shinikizo la milimita 15 hadi 30 za zebaki. Pima kifundo na kigimbi asubuhi, mguu ukiwa haujavimba. Ukipima jioni utapata soksi kubwa isiyofanya kazi. Soksi ikiwa ndefu usiikunje juu. Ule mkunjo hugeuka kamba ya kukaba mguu. Mwenye nyayo baridi, vidonda visivyopona au ganzi miguuni asizivae kabla ya kuchunguzwa mishipa yake. Na kama mguu mmoja tu umevimba na unauma, au pumzi imekata ghafla na kifua kinachoma, nenda hospitali saa hiyohiyo na useme umesafiri. Dalili hizo zinaweza kuja wiki kadhaa baada ya safari, na watu hudhani ni uchovu tu.

Upasuaji wa macho una mtego wake. Watu husema "nimefanyiwa jicho" kana kwamba ni jambo moja. Mtoto wa jicho kwa kawaida hauzuii kuruka kwa muda mrefu. Siku chache zinatosha kwa wengi, ilimradi dawa ya matone, ambayo kwa kawaida hutumika wiki 4 hivi, isikatizwe. Lakini aliyerekebishwa retina, yaani utando wa ndani nyuma ya jicho unaopokea mwanga, huenda amewekewa kiputo cha gesi ndani ya jicho, na huyo hatakiwi kupanda ndege kabisa mpaka gesi iishe. Hewa ndani ya ndege angani hulingana na ya mlima wa mita 1,800 hadi 2,400. Kwa kimo hicho cha juu gesi hutanuka kwa karibu theluthi moja, shinikizo la jicho hupanda, damu haifiki kwenye retina, na jicho linaweza kupofuka safarini. Aina moja ya gesi hukaa wiki 2 hadi 3, nyingine hufika wiki 8. Uliza ni ipi, na uliza pia kuhusu barabara zinazopanda milima mirefu.

Kwa mtoto wa jicho, shida ni miwani. Vipimo vya miwani mipya kwa kawaida husubiri wiki 4 hadi 6, na kama macho yote mawili yanahitaji upasuaji, katikati ya la kwanza na la pili mtu huona kwa macho yasiyolingana. Ngazi huonekana si pale zilipo. Kumpeleka mtu wa namna hiyo kwenye ukumbi wa harusi wenye ngazi na taa hafifu ni kumtafutia nyonga bandia.

Presha nayo. Wiki ya kuaga ndiyo wiki mbaya kuliko zote ya kuamua kama dawa inatosha, kwa sababu mtu analala vibaya na kukimbizana na mizigo. Pima mwezi mmoja kabla, siku 7 mfululizo, asubuhi na jioni, mara 2 kila kikao kwa kupishana dakika moja. Kaa dakika 5 bila kuzungumza, mgongo umeegemea, nyayo zote sakafuni, miguu haikupishana, mkono umelazwa mezani ili mkanda wa kipimo ulingane na moyo. Mkanda ufungwe kwenye ngozi, si juu ya shati. Mkanda mdogo kwa mkono mnene hutoa namba kubwa ya uongo. Kibofu kilichojaa vilevile. Tupa vipimo vya siku ya kwanza, vilivyobaki utafute wastani. Ukiwa 135/85 au zaidi nyumbani, mwone daktari kabla ya kufunga begi.

Dawa zote zikae kwenye begi la mkononi, katika pakiti zake zenye jina, pamoja na barua ya daktari inayotaja jina halisi la dawa, si la kampuni tu. Beba za ziada za wiki moja au mbili. Mume na mke wagawane: nusu ya dawa za kila mmoja zikae kwa mwenzake, ili begi moja likipotea asiwepo wa kukosa zote. Insulini isiwekwe kamwe kwenye mzigo wa chini ya ndege. Inaweza kuganda huko, na iliyoganda imeharibika hata ikionekana safi. Iliyofunguliwa, kwa aina nyingi, hudumu siku 28 chini ya nyuzi 30.

Ukielekea mashariki siku hufupika, ukielekea magharibi hurefuka, na dozi ya insulini ya kila siku haijui hilo. Tofauti isiyofika saa 3 mara nyingi haihitaji mabadiliko. Zaidi ya hapo, mwombe daktari aandike ratiba ya siku ya kwenda na ya kurudi, na uache saa moja ya mkononi ikifuata majira ya nyumbani. Halafu kuna ile tabia ya kuruka kidonge cha kukojoza maji siku ya safari kwa kuogopa choo. Mwenye moyo dhaifu akifanya hivyo anaweza kufika akiwa amevimba na hana pumzi. Omba kisogezwe saa, kisirukwe.

Chanjo ya homa ya manjano inastahili neno lake. Imetengenezwa kwa virusi hai vilivyodhoofishwa, na kuanzia umri wa miaka 60 hatari ya madhara makubwa, ingawa ni ya nadra, huongezeka kwa anayechanjwa mara ya kwanza. Kwa hiyo kabla ya kupanga foleni, pekua masanduku. Tangu Julai 2016 cheti cha chanjo hiyo ni cha maisha yote, pamoja na vile vya zamani vilivyoandikwa miaka 10. Kadi ya enzi za ujana bado inatosha. Asiye nayo akumbuke kuwa cheti kipya huanza kutambulika siku 10 baada ya sindano. Asiyeweza kuchanjwa kwa sababu za afya huandikiwa barua ya msamaha, lakini nchi mwenyeji ndiyo inayoamua kuikubali, hivyo ubalozi uulizwe mapema.

Kama safari ni ya kumpokea mjukuu mchanga, babu na bibi waulize kuhusu chanjo ya kifaduro, ichomwe angalau wiki 2 kabla ya kumpakata. Kifaduro kwa mzee ni kikohozi kirefu. Kwa mtoto wa mwezi mmoja ni kukata pumzi.

Lingine halimo kwenye orodha yoyote ya safari tuliyowahi kuona. Kile kisanduku cha dawa chenye vyumba saba, kinachofaa sana kwa mzee, hufunguliwa na mtoto wa miaka miwili bila shida. Kidonge kimoja cha kisukari aina ya glibenclamide kinaweza kushusha sukari ya mtoto hadi kumuua, na dalili zinaweza kuchelewa kwa saa nyingi, kwa hiyo mtoto anayecheza vizuri baada ya kukimeza bado apelekwe hospitali. Nifedipine na amlodipine za presha ni hatari vilevile. Basi ukifika kwa wanao, kabla ya kufungua zawadi, omba kabati la juu lenye kufuli. Mkoba wa bibi usikae kitandani. Ukiangusha kidonge, piga magoti ukitafute mpaka ukipate. Na kama goti ni jipya na halipigiki, mwite mwenye nyumba amulike chini ya kitanda.

Wauguzi wastaafu, mume na mke