Kabla hujapanda mikaratusi

Mbale, Vihiga
20 Juni

Mpendwa Mama Baraka,

Salamu nyingi kutoka huku Maragoli. Sisi ni wazima, ila mvua imetukimbia wiki ya tatu sasa, na mahindi ndiyo kwanza yanatoa mbelewele.

Barua yako nimeisoma mara mbili, hasa pale unaposema mmesikia huko Nakuru kwamba hewa ya ukaa ikizidi miti hunenepa, kwa hiyo unataka kujaza mikaratusi kwenye shamba la marehemu mama, kando ya kijito. Usipande kwanza, dada yangu.

Ni kweli hewa hiyo ni chakula cha mimea. Ilipoanza kupimwa kule Mauna Loa, Hawaii, mwaka 1958, ilikuwa kama sehemu 315 katika kila milioni ya hewa. Leo imepita 420. Jani huivuta kupitia vitundu vidogo sana, na humo humo ndimo maji yanamotokea. Hewa hiyo ikiwa nyingi, jani halina haja ya kupanua vitundu sana, basi maji kidogo huokolewa. Maharagwe na miti hufaidika. Mahindi hayafaidiki sana, kwa kuwa yana namna yake ya kuikusanya ndani ya jani hata ikiwa chache.

Lakini laiti ungesimama nami shambani saa nane mchana! Majani yamejikunja kama mikeka. Mmea umefunga vitundu usikauke, na ukishavifunga unakaa njaa, tena jani linazidi kuchemka, maana yale maji yanayotoka ndiyo huliburudisha kama jasho linavyotuburudisha sisi. Kinachoniuma zaidi ni ndevu za mahindi. Kila uzi wa ndevu ni punje moja, nazo kwa kiu zimechelewa kutoka huku chavua inapeperuka bure. Hata mvua ikinyesha kesho, punje hizo hazipo tena.

Miti nayo huumia, ila polepole. Kiu ikizidi, hewa huingia katika mishipa inayopandisha maji, na mshipa ulioingiwa na hewa haupitishi kitu. Mgrivelia wa langoni, ule tuliokuwa tukikalia chini yake, umeanza kukauka kutoka kileleni. (Ile migunga iliyokufa kando ya ziwa lenu ni habari nyingine: maji yalipanda, mizizi ikakosa pumzi.)

Karibu na Sydney, Australia, watafiti waliipulizia mikaratusi mikubwa ya msituni hewa ya ukaa zaidi, miaka kadhaa. Majani yalitengeneza sukari nyingi kuliko kawaida, lakini mashina hayakunenepa. Udongo wa pale una upungufu wa fosforasi, chakula ambacho mizizi huvuta udongoni, na ukaa ule wa ziada ukarudi angani. Sasa kumbuka mahindi ya mama yalivyokuwa yakigeuka zambarau yakiwa machanga. Ni njaa ya fosforasi hiyo hiyo. Na mkaratusi unavyokunywa maji, kile kijito kitabaki mchanga mtupu, na majirani wanachota pale.

Badala yake nimekuoteshea miche thelathini ya lusiola, mti wetu wa kienyeji, nyuma ya jiko, naimwagilia maji ya kuoshea mboga. Mvua za Agosti zikishika, njoo tuipande pamoja. Samadi ninayo.

Wako,
Minayo