Barua kwa vijana wa bodaboda, kijiwe cha Ngamiani, Tanga

Wanangu,

Shikamoo zenu za kila asubuhi huwa nazipokea pale kibarazani. Leo naziitikia kwa maneno niliyoyakalia muda mrefu.

Mwezi uliopita mmoja wenu alianguka usiku akiwa amepakia mshikaki, abiria zaidi ya mmoja. Mtaa mzima ukasema ni tamaa. Mimi nilikuwa nimemwona saa kumi na moja jioni, ameinamia usukani, anazirudia noti zilezile. Hesabu ya siku ya kumpelekea bosi mwenye pikipiki elfu kumi, mkononi elfu sita. Nilimwita mara mbili, hakunisikia. Ile haikuwa tamaa. Kimya kile nakijua, nimekulia ndani yake.

Baba yangu alitoka Songea kuja kukata mkonge huku Tanga, manamba, kibarua wa mkataba. Mshahara ulitegemea kipande, kadi ya siku 30 za kazi, na siku ambayo hukumaliza ulichopimiwa haikuandikwa. Siku kama hiyo baba alirudi hana neno, akakaa na kisu magotini, nasi watoto tukajua kutopita mbele yake. Tulidhani katukasirikia. Nimekuja kuelewa nikiwa mtu mzima kwamba mwili ulikuwa umerudi nyumbani lakini akili ilikuwa bado shambani, inaitafuta ile siku iliyopotea.

Hali hii watu wameipima. Kule Tamil Nadu, India, watafiti waliwapa wakulima wa miwa mitihani ya kufikiri mara mbili: kabla ya mavuno, mfuko ukiwa mtupu, na baada ya mavuno, wakiwa wamelipwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013. Mkulima yuleyule alifanya vibaya zaidi alipokuwa hana kitu. Hakuwa mjinga wala mvivu. Kichwa chake kilikuwa kimejaa madeni, nafasi ya mambo mengine ikawa finyu. Basi, mwanangu, uamuzi unaoufanya jioni na pengo la elfu nne usiuamini sana. Ndiyo saa ya mshikaki, ya kupita taa nyekundu, ya kubonyeza "kubali" kwenye mkopo ambao masharti yake hujayasoma.

Na mikopo yenyewe ni ile kausha damu, ya riba ya kunyonya. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya majukwaa na programu 69 za kukopesha zisizo na leseni. Mnazijua zinavyodai: ukichelewa, ujumbe unamfikia mama mkwe, mwalimu wa mtoto, hata mimi. Nimewahi kupokea mmoja, wenye jina la kijana ninayempenda. Kwa wiki nzima akawa anazunguka njia ya nyuma ili asipite kibarazani kwangu. Deni lilikuwa dogo. Aibu ndiyo iliyomwondoa kwa watu, na bila watu angekopa wapi tena ila kulekule?

Iko na dhiki ya kutazama ng'ambo. Rarieda, nchini Kenya, kuanzia mwaka 2011 baadhi ya kaya za nyumba za nyasi zilipewa fedha bila masharti. Waliopata walipunguza msongo, furaha ikaongezeka, na pombe hawakuizidisha, kinyume na wanavyosema wenye shibe. Lakini majirani waliokosa wakaanza kuyaona maisha yao kuwa duni, ingawa hakuna aliyewanyang'anya chochote. Baadaye hali hiyo ikapoa. Nyasi zilikuwa zilezile za jana, ila jirani sasa ana bati jipya. Nanyi bati hilo mnalibeba mfukoni, kwenye simu, mchana kutwa. Siwaiti wenye wivu. Nawaomba tu siku mbaya msiimalizie kwenye picha za wenzenu.

Sitawaambia mridhike. Mkataba usio na siku hata moja ya dereva kupumzika kwa wiki ni mkataba mbaya, na mabosi wanaosoma hapa nawaambia waziwazi: pikipiki inapumzishwa ifanyiwe sevisi, mtu je? Nendeni kwao pamoja, si mmoja mmoja. Halmashauri nazo zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, asilimia 4 kati ya hizo ni ya vijana. Kundi lililosajiliwa ndilo linaloipata.

Kabla ya hayo yote, wekeni mfuko wa kijiwe. Buku moja, shilingi elfu, kila mtu kwa siku, na aliyepungukiwa jioni aseme "leo sijatimiza" mbele ya wenzake, azibiwe pengo, arudi nyumbani mzima. Kusema ndiko kugumu kuliko kutoa ile buku. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Jumapili baada ya alasiri nitakuwa kibarazani na daftari jipya na kalamu. Aliyelazwa tumeshamwandika wa kwanza. Mama yake kasema atamlipia buku yake mpaka mguu upone.

Babu yenu